Dhahabu ya Rondela

Kosa langu kubwa la mwanzo ni kwamba niliwaibia wageni wangu. Niliwaibia mchana, mlango ukiwa nusu wazi, mbele ya dada yangu mwenyewe, na wakati naiba nilikuwa na hakika kwamba ninarekebisha mambo.

Nafanya kazi katika kibanda cha kupiga chapa na fotokopi, mtaani Jabe, karibu na soko. Watu huniletea barua za kuomba kazi, mialiko ya harusi, vyeti vya ubatizo vya kutolewa nakala. Jumapili kibanda hufungwa, na mwenye mali ameniachia ufunguo kwa sharti kwamba nisiwashe mashine. Basi Jumapili alasiri naondoa kisu cha kukatia karatasi juu ya meza, naifunika fotokopi kwa kitenge, navuta viti, na meza ile inakuwa nchi nyingine.

Mchezo wenyewe ni rahisi kuueleza na mgumu kuuendesha. Mmoja anasimulia. Wengine kila mmoja ana mtu wake ndani ya hadithi, na ni yeye anayeamua mtu huyo atasema nini, atakwenda wapi, atapigana au atakimbia. Anayesimulia ndiye mvua, ndiye barabara, ndiye mnyama wa porini, ndiye mwenye duka. Likija jambo la bahati, dadu inaamua. Hakuna aliyenifundisha. Nilijifunza kwenye simu, nikitazama watu wa mbali wakicheza, nikisoma maelezo ya Kifaransa mara mbili mbili kwa sababu mara ya kwanza huwa siamini kwamba nimeelewa.

Wachezaji wangu walikuwa watatu. Wa kwanza ni dada yangu mkubwa, ambaye namwita yaya kama sote tunavyowaita dada zetu wakubwa. Anauza nguo za mitumba sokoni na anaimba kwaya, na ndani ya mchezo alichagua kuwa mwizi. Nilipomuuliza kwa nini, alisema, "Mu kanisa niko muzuri siku zote. Uniache hapa nipumuzike."

Wa pili ni mwanafunzi wa uchumi anayekaa Kinanira, mtaa wa mlimani. Miezi ile esansi, yaani petroli, ilikuwa haipatikani, basi alikuwa anateremka kwa miguu hadi Jabe na kufika na soksi zenye vumbi. Ndiye mwenye dadu. Ana dadu moja tu yenye nyuso ishirini, aliyoletewa na binamu yake kutoka nje, na hakubali ilale kwangu.

Wa tatu ni fundi wa magari wa Buyenzi. Anatuzidi sote umri. Alikuja kibandani siku moja kutoa nakala ya karatasi za gari, akaona ramani niliyoichora ikiwa imetandazwa juu ya meza, akauliza hiyo ni nchi gani. Nikasema haipo. Akaitazama kwa muda mrefu, akaweka kidole kwenye mto. "Daraja yako umeiweka pabaya," akasema. "Mvua moja tu, imekwenda." Jumapili iliyofuata alikuja kuangalia kama nimeihamisha. Nilikuwa nimeihamisha. Tangu hapo akawa mpiganaji mwenye nyundo.

Nataka msomaji aelewe meza ile ilikuwa nini kwangu. Mimi ni mtu ambaye kabla ya kuomba chumvi dukani hurudia sentensi kichwani. Nikimpa mteja barua yake, moyo unanienda mbio mpaka amalize kuisoma. Jumapili pale mezani nilikuwa nasema bila kurudia kwanza. Na aliyeishikilia meza ni fundi. Mwanafunzi alikuwa anakuja kwa sababu fundi anamchekesha na kumwita Profesa. Dada alikuwa anakuja kwa sababu hao wawili wanampa watu wa kucheka. Ukimtoa fundi, vinabaki viti.

Sasa nije kwenye bei.

Nilipogundua kwamba wanaocheza mchezo huu huwa na orodha ya bei ya kila kitu, niliipenda orodha kuliko mchezo. Upanga, kamba, taa, punda, chakula cha safari, kulala usiku mmoja katika nyumba ya wageni. Lakini bei za watu wa mbali hazikuniingia akilini. Kwa nini kuku awe rahisi hivyo? Nikaamua dhahabu moja iwe sawa na kilo ya maharage ya Jabe, halafu vitu vyote nivipime kwa maharage. Nikapiga chapa orodha nzuri, yenye mistari iliyonyooka. Maharage yakapanda. Nikapiga upya. Yakapanda tena. Nilikuwa naipa nchi isiyokuwepo bei za soko ambalo halikai wiki moja mahali pamoja, na kila Jumapili naweka mezani karatasi mpya kama mtu anayebadilisha shuka. Chini kabisa, kwa herufi kubwa, niliandika: BEI HAZIPUNGUZWI.

Dada aliisoma kwa sauti. "We umezaliwa Jabe ao Ulaya?"

"Yaya, ni mchezo. Lazima kuwe na usawa."

"Sawa. Kamba ni ngapi?"

"Dhahabu moja."

"Ya mwisho ngapi?"

"Dhahabu moja."

"Mi ndiyo kiliya wako, muteja wa kwanza asubuhi hii. Utamurudisha kiliya wa kwanza? Siku yote itakuwa mbaya."

"Dhahabu moja, yaya."

"Basi ubaki na kamba yako. Tunakwenda."

Na kweli walikwenda. Waliteremka korongo bila kamba, huku dhahabu ya kuinunua wanayo mfukoni. Mwanafunzi aliteguka mguu na fundi akambeba mgongoni hadithi nzima, huku akilalamika kwamba Profesa ana mifupa ya ng'ombe. Tulicheka sana. Lakini nilirudi nyumbani na hasira kidogo, kama mwalimu ambaye darasa limefaulu bila kufuata somo.

Nilisema ni kwa ajili ya usawa. Si kweli, au si kweli yote. Mimi mwenyewe sokoni siwezi kupunguziwa. Mtu akinitajia bei, nalipa ile ya kwanza na kusema asante, kisha naondoka haraka kabla hajaona uso wangu. Wauza parachichi wa nje ya kibanda wananijua. Wananiuzia kwa bei ya wageni na kuniongezea moja dogo kwa huruma. Kwa hiyo katika nchi yangu mwenyewe, ambako mimi ndiye kila muuzaji, nilikataza watu kupatana bei ili isije siku nikalazimika kupatana na mtu.

Dhahabu yenyewe mwanzoni ilikuwa namba tu. Naandika, nafuta. Fundi hakuipenda. "Hii dhahabu ya penseli mi siiamini," alisema. Wiki iliyofuata alikuja na kitu kizito ndani ya mfuko wa unga, akakimimina mezani. Zilikuwa rondela, vile visahani vya chuma au shaba vyenye tundu katikati ambavyo mafundi huviweka chini ya nati. Alikuwa amezichagua kwenye makopo ya gereji, akazisugua mafuta yakatoka, akazitenga. Kubwa za shaba zikawa dhahabu, ndogo za chuma zikawa fedha. Mezani zilikuwa na mlio mzuri. Dada alizipenda mara moja, akawa anazitunga kwenye kamba ya kiatu kama wanawake wa zamani walivyofanya na hela zenye tundu. Ghafla kila mtu akajua ana kiasi gani bila kuniuliza.

Hapo ndipo nilipoharibu.

Walifika kwenye pango la joka. Waliliua vizuri, kwa ujanja ambao sikuutarajia, na nilifurahi mno. Nikifurahi nakuwa mkarimu kuliko akili yangu. Waliponiuliza pangoni kuna nini, nilisukuma mezani karibu rondela zote za shaba. Fundi alilivuta fungu lake kwa mikono miwili. Alizipanga tu, kumi kumi, kama mnara.

Nilifika nyumbani nikafungua simu na kusoma onyo: ukiwapa wachezaji mali nyingi, mchezo unakufa, kwa sababu hakuna tena wanachohitaji. Nilisoma onyo hilo mara nyingi mno. Nikachukua orodha yangu, nikaona kwamba kwa fungu la fundi peke yake mtu anaweza kununua kila kilichoandikwa, juu mpaka chini, na punda wawili. Nilikuwa nimeua mchezo kwa mkono wangu. Wiki nzima nilikuwa nawapigia watu chapa barua zenye makosa.

Jumapili ilipofika, hata kabla hawajakaa vizuri, nilisimulia kwamba njiani walilala, na walipolala walikuja wezi. Kisha nikanyoosha mkono kuvuka meza, nikazoa rondela za mbele ya mwanafunzi, nikazoa za dada, nikaubomoa mnara wa fundi, nikazitia zote katika kopo langu la maziwa ya unga.

"Hatutupi hata dadu?" mwanafunzi aliuliza.

"Mlikuwa mmelala."

"Sisi wote?" dada akasema. "Mi ni mwizi! Mwizi anaibiwaje amelala?"

"Mlikuwa mmechoka."

Dada alianza kucheka, akamwangalia fundi, akaacha. Fundi alikuwa anatazama mahali mnara wake ulipokuwa. Kisha akatabasamu, tabasamu la mtu anayemsaidia mwenzake aliyeaibika.

"Jana nimelipa kodi ya komini," alisema polepole. "Esansi akuna, kiliya akuna. Nakuya hapa, na hapa tena mumenitoza." Akasimama, akachukua kofia yake. "Mi niende. Kuna gari inaningoja."

"Gari gani Jumapili?" dada alimuuliza.

"Iko moja," alisema, na akatoka.

Jumapili iliyofuata hakuja. Nilimwandikia ujumbe, akajibu: *Niko na kazi, mudogo wangu.* Iliyofuata, vivyo hivyo. Tulijaribu kucheza watatu. Mwanafunzi aliweka dadu yake mezani, akaizungusha bila kuitupa. "Sasa yaya na mimi tutacheza nini?" akasema. "Ndoa?" Dada akampiga na orodha ya bei. Nikaona jinsi kibanda kile kilivyo kidogo. Mwanafunzi alisema kwamba kutoka Kinanira ni mbali kwa miguu. Hakusema hatakuja tena. Alisema ni mbali tu.

Nami nilifanya nini? Niliandika orodha mpya. Nilidhani tatizo ni hesabu. Nilipandisha bei ya panga, nikaongeza ushuru wa daraja, nikaweka bei ya hekalu na ya meli ili mali kubwa iwe na mahali pa kwenda. Dada alinikuta kibandani nikirekebisha upana wa safu.

"Unafanya nini?"

"Natengeneza bei. Ili akirudi zisiwe na kasoro."

Alisimama mlangoni na bunda lake la nguo begani. Akanitazama kama anavyotazama shati lenye tundu, akikadiria kama linafaa kushonwa. "Mutu amekasirika," alisema, "we unapiga chapa."

Nilifunga mashine. Nikachukua kopo la maziwa, nikaenda Buyenzi.

Njiani nilirudia sentensi yangu. Nilikuwa na tatu, na nilipofika sikuwa hata na moja. Fundi alikuwa chini ya gari jeupe, miguu tu nje. Majani yalikuwa yameota kuzunguka magurudumu ya gari hilo.

"Niko na kazi," sauti ilitoka chini.

"Gari hii inatembea?"

"Inatembea vizuri sana. Ni esansi tu akuna."

Niliweka kopo chini, karibu na miguu yake. Rondela zililia. Miguu ikatulia.

"Izo rondela," alisema, "niko nazo gunia nzima. Sikukasirikia rondela."

Nilipaswa kuomba msamaha. Hiyo ndiyo ilikuwa sentensi yangu ya kwanza. Lakini lililonitoka lilikuwa swali, na nashangaa hadi leo kwamba katika miezi yote ile sikuwahi kuliuliza. "Ulikuwa unataka kununua nini?"

Akajisukuma akatoka chini ya gari, akakaa chini na mgongo kwenye gurudumu, akajifuta mikono kwa kitambaa kilichokuwa kichafu kuliko mikono. Akaonekana ana haya kidogo.

"Ile nyumba ya wageni," alisema. "Kando ya ziwa. Ya yule mama mujane."

Ilinichukua muda kuikumbuka. Niliitaja kupita tu, mwanzo mwanzo kabisa, mahali pa kulala siku moja ya mvua: nyumba ndefu yenye vyumba vinavyotazama maji, bati linalovuja, mjane anayekausha samaki nyuma. Niliichukua kutoka nyumba moja ninayoijua huko Ruziba, ufukweni, nikabadilisha mlango tu. Baada ya hapo fundi alikuwa ameniuliza juu yake mara kwa mara. Vyumba ni vingapi. Jiko liko ndani au nje. Mbao ni za aina gani. Nilidhani anauliza kwa sababu ni fundi. Na wakati wenzake wananunua ngao na dawa, yeye alikuwa hanunui kitu, nami nilikuwa nimeshajiambia kwamba haelewi mchezo.

"Kila siku niko chini ya gari ya mutu," alisema. "Nikasema, kule nitakaa mulangoni. Watu wakuye wenyewe, walale, waende. Mi niwaambie karibu." Akacheka. "Utafikiri mutoto."

"Hapana."

"Bei yake ni ngapi?"

"Haiko kwenye orodha."

"Ah," alisema, na kwa mara ya kwanza akanitazama usoni. "Basi nakuya Jumapili. Lakini usikuye na bei. Ukuye na yule mama."

Jumapili ikafika. Orodha niliiacha nyumbani. Niliitia mfukoni na kuitoa mara mbili kabla ya kuondoka, na mara ya tatu dada, aliyekuwa amenipitia, aliichukua akaikalia. Mwanafunzi alikuja, soksi na vumbi. Fundi alikuja na kifurushi cha plastiki alichokiweka chini ya kiti bila kueleza. Nikawarudishia kila mtu rondela zake na kusema kwamba wezi wale hawakuwahi kuja, kwamba ilikuwa ndoto mbaya ya msimulizi. "Tunajua," alisema dada. "Uendelee."

Kisha nikawa mjane.

Sikubadilisha sauti, nina haya. Nilikaa tu mbele kidogo ya kiti na kuweka mikono mapajani, kama mama zetu wanavyokaa wakingoja mtu aseme alichokuja kusema. Fundi alinisalimia. Aliniuliza habari za samaki, za mvua, za magoti. Nilimjibu. Tulikwenda hivyo kwa muda mrefu na hakuna aliyetaja nyumba. Mwisho nikasema nimesikia kuna watu wana dhahabu ya joka.

"Mama, tumekuya juu ya nyumba," fundi alisema.

"Nyumba hii aliijenga marehemu," nikasema. "Ni mia tano."

"Sawa," fundi alisema.

Dada alimpiga teke chini ya meza, nikasikia. "Huyu ni mugonjwa, mama, usimusikilize. Tangu joka, kichwa yake aiko sawa." Akamgeukia fundi kwa sauti ya chini ambayo soko zima lingesikia: "Kumbe ni vile unafanya na wateja wako? Ndiyo maana uko masikini!"

"Mi natengeneza magari, siuzi nyanya."

"Basi unyamaze. Mama, mia tano kwa nyumba inayovuja?"

"Nani amesema inavuja?"

"Tulilala hapa. Huyu Profesa aliamuka na maji mu sikio."

"Ni kweli," mwanafunzi alisema. "Pia, tukitazama soko kwa jumla, mama, wageni wamepungua, kwa hiyo thamani ya…"

"We nawe unyamaze. Mama, mia mbili."

Mia mbili! Nilisikia joto likinipanda masikioni. Kitu kile kile kinachonifanya sokoni nilipe na kukimbia. Lakini hapa sikuwa na pa kukimbilia, nilikuwa nyumbani kwangu, kwa mjane. Nikasema kwa mia mbili auziwe mlango. Dada akapiga makofi. Akasema mlango wenyewe umeliwa na mchwa. Nikasema mchwa wa ziwani hawali mbao ya mninga. Sijui hata kama ni kweli. Nikateremka hadi mia nne na hamsini, akapanda hadi mia mbili na ishirini kwa uso wa mtu anayetolewa jino. Kisha akasimama.

"Tunakwenda. Iko nyumba ingine mbele."

Alimvuta fundi kwa mkono. Fundi alisimama huku akiangalia nyuma kama mtoto anayeondolewa harusini. Walitoka kweli, hadi nje, kwenye jua. Niliachwa na mwanafunzi.

"Hakuna nyumba nyingine mbele," nilimnong'oneza.

"Anajua," alisema. "Si umwite?"

Hilo sikuwahi kulifanya maishani, kumwita mteja aliyeondoka. Niliogopa asigeuke. Nilimwona fundi kupitia mlangoni, kofia mkononi, akisubiri, na nikaelewa kwamba wote wawili wanasubiri, kwamba ndiyo maana wamesimama pale na hawajaenda popote. Nikapaza sauti. "Kuyeni! Kuyeni, wanangu, tusiachane vibaya!"

Walirudi wakicheka. Nikasema ukweli uliokuwa umenijia wakati ule ule: kwamba tatizo la mjane si bei, ni kwamba akiiuza nyumba hana mahali pa kulala.

"Nani amesema uondoke?" fundi aliuliza. Alikuwa amesahau kwamba amekatazwa kusema. "Chumba cha nyuma ni chako. Na jiko. Nani atakausha samaki? Mi?"

Basi ikawa mia tatu, na chumba cha nyuma, na jiko, na bati litengenezwe kabla ya mvua kubwa. Dada alisema ni ghali. Fundi alizisukuma rondela kuelekea kwangu, kumi kumi, mnara baada ya mnara. Nikanyoosha mkono kuzipokea.

"Bado," alisema. "Mashahidi."

Kwetu mtu akinunua shamba au ng'ombe, mali haijawa yake mpaka waliokuwepo wamekunywa. Ndipo inajulikana. Wengine hunywa bia. Fundi ni Mwislamu na hanywi, basi alitoa kile kifurushi chini ya kiti: chupa ya juisi ya matunda ya marakuja aliyoikamua mke wake, na glasi zilizofungwa kwenye gazeti. Akamimina. Kisha akatuhesabu kwa macho na kusema sisi sote ni watu wa ndani, anatakiwa mtu wa nje. Akaenda mlangoni akamwita mama mmoja anayeuza parachichi, mmoja wa wale wanaoniuzia kwa bei ya wageni.

Mama aliingia, akaipokea glasi kwa mikono miwili. "Mumeuza nini?"

"Nyumba ya wageni," fundi alisema.

"Wapi?"

"Kando ya ziwa."

"Ruziba?"

"Mbele zaidi."

"Nani ameuza?"

Kila mtu akanionyesha mimi. Mama alinitazama kwa mshangao mkubwa. "Huyu? Huyu anajua kuuza?" Akaona rondela. "Kwa hizi?"

"Kwa hizi, mama."

Alifikiri kidogo. Akanywa yote, akafuta mdomo. "Haya. Mi nimeona," alisema, na akarudi kwa parachichi zake.

Fundi alinigeukia. "Sasa, mudogo, tuma wezi."

Nilizisogeza rondela upande wangu. Sikuwa na wezi wa kutuma, na hata ningekuwa nao wasingepita mbele ya mama yule.

Mchezo haukufa. Kuna Jumapili hatupigani kabisa, tunatengeneza bati. Mwanafunzi bado anateremka kwa miguu na dadu yake mfukoni, na dada amekodi chumba cha pili katika nyumba ile ya ziwani, ana deni la miezi kadhaa, anasema mwizi halipi kodi ya chumba.

Sokoni bado nalipa bei ya kwanza. Lakini mezani sileti tena orodha. Kitu kidogo nakitajia bei inayonijia, na wakitaka kuipunguza tunapatana. Kitu kikubwa hakina bei mpaka mtu akiulizie. Kabla ya kuwapa hazina namuuliza kila mmoja anataka kununua nini. Na mkono wangu hauvuki tena katikati ya meza. Dhahabu ikishafika upande wao, inarudi kwangu pale tu wanapoisukuma wenyewe.